4G, 5G au kuisubiri 6G: ulinganisho kwa anayenunua simu au ruta leo

Juu ya kioo cha duka la simu, liwe la Kariakoo au la Luthuli Avenue, simu mbili za bei moja zimewekwa mbele ya mteja. Ya kwanza ni ya 4G, ina hifadhi ya GB 256 na kamera inayotoa picha safi hata jioni. Ya pili imeandikwa 5G kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini hifadhi yake ni nusu ya ile na kioo chake kinafifia juani. Muuzaji anasema ya pili ndiyo ya kisasa na kwamba 4G iko mbioni kuzimwa. Mteja naye ameshasikia habari za 6G, na anajiuliza kama si afadhali aendelee kuvumilia simu yake yenye ufa hadi hiyo 6G ifike, anunue mara moja na kupumzika.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mteja huyo, pamoja na yule anayetafuta intaneti ya nyumbani na hajui achukue ruta ya 5G, faiba au dishi la setelaiti. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: kwa simu ya mkononi, tofauti kati ya 4G nzuri na 5G ni ndogo kuliko tofauti kati ya mnara wa karibu na mnara wa mbali, kwa ruta ya nyumbani mjini, 5G imebadilisha mambo kwelikweli, na 6G si bidhaa ya kusubiriwa na mtu mwenye shida ya mtandao leo.

Namba za kwenye matangazo

Malengo ya kila kizazi cha mtandao wa simu, ambacho ndicho ile G ya 4G na 5G, huwekwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, na kanuni za kiufundi huandikwa na muungano wa mashirika ya viwango uitwao 3GPP, ulioanzishwa mwaka 1998. Kwa 4G, ITU ilitaka mtandao uweze kufikia gigabiti 1 kwa sekunde kwa mtu aliyetulia na megabiti 100 kwa aliyemo kwenye chombo kinachokwenda kasi. Kwa 5G kilele kilipandishwa hadi gigabiti 20 za kupakua na 10 za kupakia. Mfumo wa 6G, ambayo ITU huiita IMT-2030, uliidhinishwa Novemba 2023, na ndani yake vimetajwa vilele vya gigabiti 50, 100 na 200.

Namba hizo ndizo zinazoingia kwenye mabango. Zisizoingia ni zile zilizoandikwa mistari michache chini yake: kasi ambayo mtumiaji wa kawaida wa 5G katikati ya mji anatakiwa kuiona ni megabiti 100 kwa sekunde, na kwa 6G ni megabiti 300 hadi 500. Kilele hupimwa kana kwamba mnara mzima unamhudumia mtu mmoja. Daladala yenye viti 30 ni kweli ina viti 30, ila si vyako vyote, na saa ya kurudi nyumbani huenda ukasimama mlangoni.

Masafa, kuta na mabati

Tofauti kubwa kati ya vizazi hivi inatokana na masafa ya redio ambayo kila mtandao umepewa, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia zaidi, kwa sababu ndipo panapoamua kama simu ya 5G itakuwa 5G kweli nyumbani kwake au itakuwa jina tu.

Wimbi la redio lina urefu unaoweza kupimika. La megahezi 700 lina urefu wa takriban sentimita 43, karibu sawa na dhiraa ya mtu mzima. La megahezi 3,500, ambalo ndilo uti wa mgongo wa 5G katika nchi nyingi, lina sentimita 8 na nusu, yaani upana wa kiganja. La gigahezi 28, linalotumika katika baadhi ya miji ya Marekani, ni sentimita 1 tu. Na ukifika gigahezi 140, ambako watafiti wa 6G wanafanya majaribio yao, wimbi lina milimita 2, dogo kama punje ya mtama.

Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyoweza kubebeshwa data nyingi, kwa kuwa huko juu kuna nafasi pana isiyogombaniwa. Chaneli ya kawaida ya 4G ina upana usiozidi megahezi 20; ya 5G katika masafa ya kati, kama hayo ya megahezi 3,500, inaweza kufika megahezi 100. Ni barabara yenye njia tano badala ya moja, na kwa mtumiaji wa mjini faida nyingine zote za 5G ni ndogo zikiwekwa kando ya hiyo.

Gharama yake ni umbali. Kwa antena za aina moja na umbali uleule, wimbi la megahezi 3,500 humfikia mpokeaji likiwa na nguvu pungufu takriban mara 25 kuliko la megahezi 700, na hapo bado halijakutana na ukuta. Minara ya 5G hujaribu kufidia pengo hilo kwa paneli zenye antena ndogo 32 au 64 zinazoelekeza nguvu kwa mtumiaji mmoja mmoja badala ya kuimwaga kila upande, na kwa kiasi kikubwa hufaulu, mpaka pale wimbi linapogonga tofali nene, kioo chenye utando wa chuma wa kuzuia joto, au paa la bati. Bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, na ndiyo maana simu ndani ya kibanda cha mabati hutegemea zaidi kinachoingia mlangoni na dirishani. Yale mawimbi mafupi ya sentimita 1 huzuiwa hata na majani ya mwembe.

Upo pia udhaifu ambao wauzaji hawautaji, nao uko upande wa simu. Mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati. Simu yako hurusha kwa takriban sehemu ya tano ya wati moja. Kwa hiyo ukiwa mbali, njia ya kwenda mnarani hukatika kabla ya njia ya kutoka mnarani. Hapo ndipo utakapoona vijiti vya mtandao vimejaa, ukurasa unafunguka, lakini video uliyoituma kwenye WhatsApp inazunguka tu. Mitandao ya masafa ya kati nayo hugawa muda wa hewani kati ya kupakua na kupakia, na sehemu kubwa hupewa kupakua. Mtu ambaye kazi yake ni kupandisha video au kutuma mafaili makubwa ya michoro asidanganyike na kasi ya kupakua iliyotangazwa. Aulize ya kupakia.

Tanzania iligawa masafa haya kwa mnada Oktoba 2022, na kilichonadiwa kilikuwa mchanganyiko: megahezi 700, 2,300, 2,600 na 3,500. Kampuni yenye masafa ya chini, kama hayo ya megahezi 700, inaweza kuitandaza 5G mbali sana kwa minara michache, lakini katika chaneli nyembamba ya megahezi 10 au 20 kasi yake haitapishana sana na 4G ya jirani. Hivyo alama ya 5G juu ya kioo cha simu haikuelezi umepata ipi kati ya hizo mbili. Aidha, 4G iliyounganisha chaneli mbili au tatu kwa pamoja, ambayo baadhi ya simu huionyesha kama 4G+, mara nyingi huizidi 5G ya masafa ya chini. Nimeliona jambo hilo mara nyingi kiasi cha kutoishangilia tena alama ya 5G nikiwa safarini.

Kasi na kifurushi

Tuchukue faili la GB 1, ambalo ni kama megabiti 8,000, kwa mfano video ya mhadhara. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, kasi ambayo 4G isiyo na msongamano huifikia bila taabu, litashuka kwa muda wa karibu dakika 7. Kwa megabiti 100 litachukua sekunde 80, na kwa megabiti 300, sekunde 27. Anayefanya hivyo mara kumi kwa siku ataiona faida. Lakini kwa anayesoma habari, kupiga simu za video na kuangalia mpira, megabiti 5 hadi 10 zisizoyumba zinatosha, na kilichozidi hapo hakionekani machoni.

Kasi kubwa haili kifurushi kwa yenyewe. GB 1 ni GB 1 kwa mtandao wowote. Kinachotokea ni kwamba programu za video hupima kasi na kujipandishia ubora. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hutumia chini ya GB 1. Ya ubora wa juu huweza kufika GB 3, na ile ya 4K ikafika GB 7. Aliyehamia 5G akaona kifurushi cha wiki kimeisha Jumatano hajaibiwa. Aingie kwenye mipangilio ya programu yake akaweke ukomo wa ubora.

Pale ambapo 5G huwasaidia watu wengi, hata wasio na simu za 5G, ni kwenye msongamano. Katika stendi, viwanja vya michezo, hosteli za vyuo na mitaa yenye maghorofa, 4G huzidiwa kuanzia saa mbili usiku. Kila anayehamia 5G anapunguza foleni ya waliobaki. Huko ndiko ningemshauri mtu alipie 5G hata ya kasi ya wastani: anapoishi penye watu wengi na mnara wa 5G uko karibu. Nje ya hapo sioni sababu ya kuongeza hela.

Ucheleweshaji, na kilicho nyuma ya mnara

Ahadi iliyovuma zaidi ya 5G ilikuwa milisekunde 1, yaani muda wa ujumbe kupita hewani kati ya simu na mnara. Upo ukweli ndani yake, ila una masharti. Lengo hilo ni la huduma maalumu za viwandani. Kwa mtumiaji wa kawaida ITU iliweka milisekunde 4. Tena mitandao mingi ilianza na 5G ya kuegemea, ambayo antena zake ni mpya lakini kiini chake, yaani mitambo ya kati inayouongoza mtandao, bado ni cha 4G. Simu huonyesha 5G, huku sehemu ya mazungumzo yake na mtandao ikipita njia ya zamani. 5G iliyosimama yenyewe, yenye kiini kipya, ndiyo inayoleta ucheleweshaji mdogo na uwezo wa kutenga njia maalumu kwa hospitali au kiwanda. Kwa mpiga picha wa harusi haina tofauti kubwa, lakini kwa anayetaka kuendesha mitambo bandarini ndiyo swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma.

Sharti la pili ni jiografia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za mkongo hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Anayecheza mchezo ambao seva yake iko Ulaya ana maelfu ya kilomita za mkongo kupitia Bahari ya Shamu, na akiokoa milisekunde 15 mnarani bado zitabaki nyingi baharini. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Kenya, Tanzania na majirani zao waliona intaneti ikizorota kwa siku kadhaa. Simu za 5G ziliendelea kuonyesha 5G muda wote huo, maana mnara ulikuwa mzima, ila ulikuwa hauna pa kupeleka mzigo.

Nchi kavu ni hivyohivyo. Mnara wa mjini uliounganishwa na faiba unaweza kulisha 5G ipasavyo. Mnara wa wilayani unaotegemea kiungo cha mawimbi kutoka kilima hadi kilima hugawana kile kidogo kinachopita hapo. Ukiongeza antena za 5G juu ya mnara wa namna hiyo umepanua mlango wa nyumba ambayo njia yake ni ya mguu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliofika makao makuu ya wilaya umefanya zaidi kwa kasi ya watu wa huko kuliko kubadilisha kizazi cha simu mikononi mwao.

Unapoishika simu dukani

Tukirudi kwenye simu mbili juu ya kioo, la kwanza kuulizia kabla ya 5G ni VoLTE, yaani sauti ya simu kupita ndani ya 4G. Simu isiyokuwa nayo, au ambayo mtandao wako haujaifungulia huduma hiyo, hushuka hadi 3G au 2G kila unapopigiwa, na ikishuka 2G intaneti husimama hadi umalize kuongea. Kwa dereva anayetumia ramani wakati abiria anampigia, hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa 5G. Marekani walipozima 3G mwaka 2022, simu zisizo na VoLTE zilikosa hata sauti.

Jambo la pili ni bendi, yaani makundi ya masafa ambayo simu inaweza kuyatumia. Kwa Afrika Mashariki tafuta simu ya 5G yenye n78, inayobeba masafa ya megahezi 3,500, na n41, inayobeba 2,600. Ikiwa na n28 ya megahezi 700 ni bora zaidi kwa anayesafiri. Kwa 4G, bendi 3, 7, 20 na 28 ndizo za kuangalia. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni fulani ya Marekani zinaweza kuwa na bendi za huko zisizotumika hapa, au kufungwa mtandao. Na ndugu akikutumia iPhone 14 au ya baadaye iliyonunuliwa Marekani, fahamu kwamba haina tundu la laini. Inatumia eSIM pekee, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe badala ya kadi, hivyo uliza kwanza kama mtandao wako unaitoa na kama tawi la karibu linajua kuiwasha.

Tatu ni chaji. Simu ya 5G ya kuegemea hushika njia mbili kwa wakati mmoja, na penye mawimbi hafifu hubaki ikitafuta, ikipata, ikipoteza na kutafuta tena. Simu ikipata joto mfukoni bila kutumika, mara nyingi sababu ni hiyo. Kwenye mipangilio unaweza kuiwekea ukomo wa 4G, na wengi walionunua 5G wakiishi pembezoni mwa mji wameishia kufanya hivyo, jambo ambalo linakuambia hela yao ilikwenda wapi.

Kuhusu hofu ya 4G kuzimwa, sina sababu ya kuiamini kwa maisha ya simu unayonunua leo. 5G ya kuegemea haiwezi kusimama bila 4G. Hata 2G bado ina kazi: M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, hutembea juu ya kitochi kwa menyu za nyota na reli, na hakuna kampuni itakayoharakisha kuufunga mlango unaoingiza fedha. Mama anayeuza mboga na kupokea malipo kwa simu haongezewi chochote na 5G, na mtoto wake akitaka kumnunulia zawadi, amnunulie yenye betri kubwa.

Ruta ya nyumbani

Hapa hukumu inageuka. Ruta haitembei, imechomekwa ukutani, ina antena kubwa kuliko za simu, na inaweza kuwekwa mahali ambapo mnara unaonekana. Udhaifu karibu wote wa masafa ya kati unapungua, na ile barabara ya njia tano inabaki. Safaricom ilianza majaribio ya 5G Machi 2021 na kuizindua kibiashara Oktoba 2022, Vodacom Tanzania iliizindua Septemba 2022, na pande zote mbili intaneti ya nyumbani imekuwa miongoni mwa matumizi yenye maana zaidi.

Mahali pa kuweka ruta huamua mengi. Nyumba ya shangazi yangu iko Mji Mkongwe, Zanzibar, ina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa zaidi ya nusu mita. Ruta yake ilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya kabati, na ukurasa wake wa mipangilio ulionyesha nguvu ya mawimbi ya dBm hasi 109, kiwango ambacho 5G huja na kupotea. Niliihamisha hatua kumi na moja hadi kwenye dirisha la ghorofani linalotazama upande wa mnara, ikasoma hasi 88. Kwa kuwa kila 10 katika kipimo hicho ni mara kumi, hatua hizo kumi na moja ziliongeza nguvu kwa zaidi ya mara 100. Shangazi, aliyeniona nikipanda na kushuka ngazi alasiri nzima, aliniuliza mbona naihangaisha ruta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usiku ule simu ya video ya wajukuu wake walioko Muscat haikukatika, na ruta haijaondolewa dirishani tangu siku hiyo.

Ikiwa faiba imefika mtaani kwako, chukua faiba. Haigawanywi na jirani kwa namna ile ya mnara, haijali mvua, na kupakia kwake mara nyingi hulingana na kupakua. Ruta ya 5G inaishinda kwa mambo mawili tu: inawashwa siku unayoinunua bila kusubiri mafundi wa nguzo, na mpangaji anayehama kila mwaka anaibeba na mito yake. Kabla ya kutia saini, soma ukomo wa matumizi ya haki, kwa maana vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi ukishapita GB kadhaa, na namba hiyo huwa chini kabisa ya karatasi.

Setelaiti za chini, zinazozunguka takriban kilomita 550 juu, ni za yule ambaye hana faiba wala mnara wa maana. Starlink ilianza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huo, na kwa shule au kambi ya watalii iliyoko porini hakuna cha kulinganisha nayo. Mjini ni habari nyingine, kwani anga nalo hujaa: Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani. Dishi pia hula umeme mara kadhaa ya ruta ya kawaida, hesabu ambayo mwenye sola ndogo hawezi kuipuuza.

Na hiyo 6G?

Utafiti wake ni wa kweli na una umri sasa; Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, kilianza programu yake ya 6G mwaka 2018. 3GPP imeshaingia hatua ya kuchunguza, na kanuni za kwanza zinatarajiwa katika toleo lake la 21, ili huduma zianze karibu na mwaka 2030. Mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2027 utajadili nafasi mpya, ikiwemo ya kati ya gigahezi 7.125 na 8.4, ambako wimbi lina sentimita 4 hivi. Zile punje za mtama za gigahezi 140 zitabaki kwa vyumba na viwanda.

Kinachonivutia mimi kwenye 6G si kasi. Ni kuhisi: mnara kutumia mawimbi yaleyale ya mawasiliano kutambua kilichopo mbele yake, kama rada, na kujua mahali kifaa kilipo kwa usahihi wa sentimita 1 hadi 10, jambo lililomo kwenye malengo ya ITU. Pia setelaiti kuhesabiwa kama sehemu ya mtandao tangu mwanzo, badala ya kuunganishwa baadaye. Kwa mvuvi wa Pemba aliye nje ya upeo wa minara, hilo la mwisho lina thamani kuliko gigabiti zote 200. Ila kampuni zenyewe zina tahadhari: muungano wao uitwao NGMN ulisema mwaka 2023 kwamba 6G isiwalazimishe kubadilisha vifaa vya minara ya 5G, kauli ya watu ambao bado hawajarudisha gharama za kizazi kilichopo.

Kwa anayefikiria kusubiri, historia inatoa hesabu. 4G ilianza Stockholm na Oslo Desemba 2009, na Safaricom ikaiwasha Nairobi na Mombasa Desemba 2014, miaka mitano kamili baadaye. 5G ilianza Korea Kusini na Marekani Aprili 2019, na ikauzwa Tanzania na Kenya miaka mitatu na nusu baadaye. Hata kama pengo la 6G litapungua zaidi, simu za kwanza zitakuwa za bei ya pikipiki, na ile yenye ufa haitafika huko.

Kwa hiyo kama wewe ni mwanafunzi wa hosteli au mkazi wa ghorofa la mjini mwenye mnara wa 5G mtaa wa pili, na tofauti ya bei ni ndogo, chukua ya 5G yenye n78 na VoLTE. Anayefanya kazi kwa kompyuta nyumbani atapata zaidi kwa kununua ruta ya 5G na kubaki na simu ya 4G kuliko kwa kufanya kinyume chake. Aliye wilayani, kwenye mnara mmoja, achukue 4G yenye bendi 20 na 28, na hela iliyobaki aiweke kwenye hifadhi na betri. Na kama muuzaji anakubali, toa laini yako, itie kwenye simu unayoitaka uone kama inashika mtandao, kisha mwombe jirani au rafiki mwenye simu ya aina hiyo aje nayo kwako saa mbili usiku. Kaeni pale unapokaa kila siku, si barazani, mpime kupakua, kisha kupakia, kisha mpigie mtu huku ramani imefunguliwa.